Kuisemea shule ya umma: maswali ya wazazi, walimu na viongozi wa kijiji

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya wazazi na vya kata, na mara nyingi zaidi nje ya kikao, watu wakiwa wanatawanyika na mmoja anakuvuta pembeni. Majibu yanahusu shule za serikali za Tanzania Bara. Mimi si mwanasheria wala afisa elimu. Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi vipindi viwili, na mengi ya hapa chini nimeyajua baada ya kushindwa.

Shule ya serikali ni ya nani hasa? Si ya mkurugenzi?

Kwenye karatasi iko chini ya halmashauri. Walimu wanalipwa na serikali, mtaala unatoka serikalini, na mitihani inasimamiwa na NECTA, baraza la mitihani la taifa. Lakini ukiuliza wazee nani alifyatua tofali la kwanza, jibu linakuwa jingine. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja tu, wazazi wa Tanganyika waliunda jumuiya yao, TAPA, wakaanzisha shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za misheni na za mkoloni. Mwaka huohuo Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu baada ya kutakiwa achague kati ya chaki na siasa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aanze shule ya msingi ifikapo 1977, vijiji vilijenga madarasa kwa matope na miti. Shule za kata nazo, zilizoanza kumea kwa wingi kuanzia 2004, nyingi zimesimama juu ya mchanga na mawe waliyosomba wananchi.

Kwa hiyo mzazi anapouliza habari za shule haombi fadhila. Anauliza habari za mali yake.

Elimu si imeshafanywa bure? Tunasemea nini tena?

Swali hili nalipenda kwa sababu linafungua mlango wa hesabu.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), na watoto walioandikishwa shule za msingi wakapanda kutoka karibu milioni 4.8 mwaka 2001 hadi karibu milioni 6 mwaka 2002. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioondoa ada za sekondari hadi kidato cha nne (kutwa ilikuwa 20,000, bweni 70,000) pamoja na michango ya lazima. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa.

Badala ya ada, serikali hutoa ruzuku kwa kichwa cha mwanafunzi, ile ambayo walimu wanaiita kapitesheni. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huteremka shuleni. Sasa chukua shule ya watoto 600: mara 6,000 ni milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Kwa hiyo laki tatu ununue chaki na karatasi, uchapishe mitihani, utengeneze madawati, ununue mpira, na mlango ukivunjika uutengeneze.

Zaidi ya hapo, kiwango hicho kilipangwa wakati wa MMEM kikiwa sawa na dola 10, wakati dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,000. Leo dola imeshapita 2,000 zamani, mfuko wa saruji si wa bei ile, na elfu kumi ni ileile. Hakuna aliyeipunguza, imeliwa na miaka. Ndiyo maana nasema hoja ya kwanza ya kuibeba si "serikali haifanyi kitu", maana si kweli na utabishiwa palepale. Hoja ni kwamba kiwango kimepitwa na bei za dukani.

Katiba si inasema elimu ni haki? Kwa nini tusiende mahakamani tu?

Ibara ya 11 inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Ukirudi nyuma kidogo, ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kusimamiwa na mahakama. Ni malengo ya kuiongoza serikali. Huwezi kuyatumia kumshtaki mtu kwa sababu darasa lina watoto 160. Uwanja wa shule basi unabaki kikao: cha kijiji, cha kata, cha baraza la madiwani. Wengi wetu tunavidharau vikao hivyo, kisha tunashangaa pesa zimekwenda kata ya jirani.

Kamati ya shule ina nguvu gani? Kwetu inaitwa kusaini tu.

Inatokana na Sheria ya Elimu ya 1978. Mwalimu mkuu ni katibu wake, na mwenyekiti hutoka kwa wazazi. Sekondari wana bodi ya shule. Kamati inapaswa kuandaa mpango wa shule, kuangalia mapato na matumizi, kusimamia ujenzi, na kuwaeleza wazazi kinachoendelea. Tangu ruzuku ianze kuteremka moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kazi ya kuangalia matumizi imekuwa nzito kuliko zamani.

Kamati ya kusaini hutengenezwa na wazazi wenyewe. Siku ya uchaguzi mkutano huja na watu kumi na tano, tunamchagua mtu mpole asiye na maneno, halafu tunalalamika kwamba hana maneno. Mchagueni hata yule mama wa gengeni anayekumbuka madeni ya mtaa mzima bila daftari.

Tuna watoto 160 kwenye chumba kimoja. Tuanzie wapi?

Anzeni na kuhesabu. Barua yetu ya kwanza ilisema "hali ni mbaya sana na watoto wanateseka". Haikujibiwa. Nilipokuja kuziona barua nyingine kwenye faili moja nene, nikaelewa: shule zote za wilaya hali yake ni mbaya sana.

Barua ya pili ilikuwa ya kurasa mbili na nusu yake ilikuwa jedwali. Vipimo vyenyewe vya serikali vipo, na si siri. Darasa la msingi ni wanafunzi 45. Awali ni 25. Sekondari ni 40. Tundu moja la choo ni kwa wasichana 20 au wavulana 25. Chukua shule yetu ya wakati ule, yenye wasichana 280 na wavulana 260: inatakiwa matundu 14 ya wasichana na 11 ya wavulana, jumla 25. Yaliyopo ni 8. Upungufu ni 17. Hapo hujamlaumu mtu, umetoa namba moja tu, na afisa anayeipokea anaweza kuichukua kama ilivyo akaiweka kwenye taarifa yake. Kwa wale 160, gawanya kwa 45: mnahitaji vyumba vinne, kipo kimoja.

Hesabuni walimu vilevile, na msihesabu vichwa tu. Shule inaweza kuwa na walimu wanane wanaotosha kwa karatasi, kumbe mmoja yuko masomoni, mwingine likizo ya uzazi, na hakuna hata mmoja wa hisabati. Hesabuni madawati mazima, si yale yaliyoegeshwa nyuma ya darasa yakisubiri fundi. Hesabuni kwa siku moja, watu watatu, mwalimu mkuu akiwepo, kisha mwandike tarehe. Namba isiyo na tarehe ni umbea.

Baada ya hapo hoja ina njia yake. Kamati ya shule inaijadili na kuandika muhtasari. Inakwenda halmashauri ya kijiji, ambayo ina kamati yake ya huduma za jamii. Inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kutoka hapo inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake diwani na katibu wake mtendaji wa kata. Diwani anaipeleka kwenye kamati za baraza na kwenye baraza lenyewe. Kila ngazi inaacha karatasi. Ukiruka ngazi utarudishwa, na aliyerukwa atakukumbuka.

Ni wakati gani mzuri wa kupeleka hoja?

Wakati ambao watu wengi wamelala. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na Bunge la bajeti hukaa kati ya Aprili na Juni, lakini ukisubiri Bunge umechelewa. Halmashauri huanza kukusanya mipango ya vijiji na kata mwishoni mwa mwaka, na madiwani hupitisha mapendekezo yao mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Hoja iliyopita kijijini Septemba au Oktoba inafika mezani karatasi zikiwa bado nyeupe. Hoja ya Mei inaambiwa "tutaangalia mwaka ujao", na anayesema hivyo hadanganyi.

Kwetu Oktoba ni wakati wa kuandaa mashamba na mkutano haujai. Tulihamishia mkutano Ijumaa jioni karibu na mashine ya kusaga. Ukajaa.

Michango ni halali au si halali? Kila mtu anasema lake.

Mchango wa lazima hapana. Wa hiari ndiyo. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango kwa ukali, na shule nyingi zikaogopa hata kupokea debe la mchanga. Serikali ikafafanua baadaye kwamba mwananchi anayetaka kuchangia hakatazwi. Kilichokatazwa ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa, na mwalimu kugeuzwa mkusanya pesa. Mwalimu asishike mchango. Wazazi wakikubaliana, makubaliano yaandikwe, uongozi wa kijiji ukusanye, risiti itoke, na halmashauri ijue.

Chakula ni jambo la pekee, na hapa nina upande. Mtoto aliyekunywa chai kavu saa kumi na moja alfajiri akatembea kilomita nne hasikii chochote saa sita mchana. Kwa miongozo ya serikali chakula cha mchana cha shule za kutwa ni jukumu la wazazi. Kinachofanya kazi vijijini ni mahindi na maharage wakati wa mavuno, si pesa Februari. Baadhi ya vijiji vimetunga sheria ndogo: zinapita halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kisha zinaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Nazikubali sheria hizo kwa sharti moja, kwamba ziwe na kifungu cha wasio nacho. Bibi anayelea wajukuu watano asije akashtakiwa kwa gunia la mahindi.

Tujenge boma kwanza, au tusubiri serikali?

Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa huu: wananchi wanajenga boma hadi kwenye lenta, serikali inamalizia paa, sakafu na madirisha. Kiwango ambacho halmashauri nyingi zimekuwa zikipewa kumalizia boma moja la darasa ni shilingi milioni 12.5. Mwaka 2021, kupitia fedha za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja, mengi ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi, yaani zile ndogo zilizo chini ya shule mama. Kwa hiyo bei inajulikana, na boma lenu lina thamani mnayoweza kuitaja.

Lakini yapo maboma yaliyoota miti ndani. Wananchi walichanga mara moja, wakavunjika moyo, na sasa ukitaja mchango wanakuonyesha ule mpapai uliosimama katikati ya darasa. Kabla ya kuchimba msingi pateni mambo mawili kwa maandishi: boma limeingia kwenye mpango wa halmashauri, na mhandisi amepitisha ramani. Boma lisilo na vipimo vya serikali halimaliziwi hata diwani alie machozi.

Na ulizeni la tatu, ambalo husahaulika: nani atafundisha humo? Darasa tunaweza kujenga. Mwalimu hatuwezi kumfyatua kwenye kibao cha tofali.

Mimi ni mwalimu. Nikisema hadharani nitahamishwa?

Inawezekana. Sitakudanganya.

Kanuni za utumishi wa umma zinamzuia mtumishi kutoa taarifa za ofisi kwa vyombo vya habari bila kibali, na walimu wana Tume yao ya Utumishi inayoshughulikia nidhamu. Mwaka 2012 Chama cha Walimu kilipoitisha mgomo, ulioanza 30 Julai kwa madai ya mishahara na posho, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi iliusimamisha baada ya siku chache. Mwalimu basi ana uwanja mwembamba, ila upo: baraza la walimu, mwakilishi wa chama, taarifa za mwezi, na kamati ya shule ambayo mwalimu mkuu ndiye katibu wake.

Sisi tulikubaliana hivi: mwalimu aandike, mzazi aseme. Takwimu zote zinatoka kwa walimu kupitia katibu wa kamati, zinaingia kwenye muhtasari, na anayesimama mbele ya diwani ni mzazi ambaye hana cheo cha kupoteza. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne amesikia mtu mwingine akisema "walimu wetu hawana nyumba". Alikuwa amezoea kulisema mwenyewe na kuonekana mlalamishi.

Mwalimu mkuu hataki kuonyesha matumizi. Tufanyeje?

Kwanza muulizeni kwa upole, ndani ya kikao, na si kwa sauti ya kumkamata mwizi. Wengine hawajui kuandaa taarifa na wanaona haya kusema. Mapato na matumizi yanapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo shuleni na kijijini. Ombeni yabandikwe kila robo mwaka.

Akikataa kabisa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika ombi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Nimeona barua yenye jina la sheria hiyo ikifungua kabati lililokuwa "limepotea ufunguo".

Mashirika yanasaidia, au yanatuletea matatizo?

Yote mawili yametokea. Shirika la HakiElimu, linalotetea elimu, lilianzishwa 2001 na matangazo yake ya redio na televisheni yaliwafanya watu wacheke kisha wanyamaze, maana waliona madarasa yao. Mwaka 2005 wizara ililipiga marufuku kutoa taarifa kuhusu shule, na mvutano ukachukua muda kuisha. Baadaye utafiti wa 2010 wa Uwezo, wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Zilibishiwa sana namba hizo. Kisha Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu wakiwa na sifuri, na Waziri Mkuu akaunda tume. Mwaka 2015 madarasa ya chini yakapata mtaala wa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Siwezi kusema shirika fulani ndilo lililoleta mtaala. Ila mjadala haukuanzia Dodoma.

Shirika likija kijijini lipokeeni, lakini barua iwe yenu na muhtasari uwe wenu. Mradi una tarehe ya kuisha, na shule yenu haina.

Wenye uwezo wamepeleka watoto inglishi midiamu. Hawa nao tuwaite?

Waiteni kabla ya wengine. Simlaumu mzazi anayekwepa darasa la watoto 160. Ningekuwa na pesa huenda ningefanya hivyo. Uchungu wangu ni mwingine. Anapoondoka mhasibu, muuguzi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mtendaji mwenyewe, wanaobaki kuisemea shule ni wale ambao simu zao hazipokelewi wilayani. Kwetu mwenye duka, ambaye watoto wake wako bweni mkoa mwingine, ndiye aliyetufundisha kusoma makadirio ya ujenzi. Alifanya hivyo kwa sababu alisoma pale darasa la kwanza hadi la saba na jina lake bado limekwaruzwa kwenye dirisha. Tafuteni majina yaliyokwaruzwa madirishani.

Viongozi wa dini wana nafasi gani?

Kubwa, hasa kwa utoro. Tangazo la shehe baada ya swala au la padri baada ya misa linawafikia baba ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wa wazazi. Wapeni namba zilezile zilizo kwenye barua yenu, wasije wakatangaza nyingine.

Binti aliyejifungua anaweza kurudi shule ya serikali?

Ndiyo, tangu tangazo la serikali la 24 Novemba 2021. Kinachomzuia leo mara nyingi ni maneno ya majirani na kukosa mtu wa kumwachia mtoto. Mwenyekiti wa kijiji akimpeleka mwenyewe hadi kwa mkuu wa shule siku ya kwanza, maneno hupungua sana.

Na Zanzibar?

Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Kule ada ilifutwa 1964 baada ya Mapinduzi, wizara ni yao na mfumo wa serikali za mitaa ni tofauti. Kuhesabu na kuandika tarehe kunafaa popote; ngazi za vikao ulizeni kwa sheha wenu.

Tumeandika barua, ni miezi mitatu kimya. Je, tuache?

Mna nakala iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa"? Kama hamna, hamjaandika. Malalamiko ya mdomo ni dua la kuku, na barua isiyo na muhuri haijapishana nayo sana. Pelekeni mbili kwa mkono, moja ibaki masjala, nyingine irudi na muhuri, tarehe na saini. Nakala nyingine zimfikie afisa elimu kata na diwani. Baada ya mwezi andikeni ya kukumbushia, mkitaja namba ya kumbukumbu ya ile ya kwanza. Msiandike upya kana kwamba ndiyo mnaanza.

Kama tatizo ni la bati au saruji chache, mtajieni mbunge Mfuko wa Jimbo, ambao upo kwa sheria ya 2009. Mwombeni kwa idadi: bati 60 za geji 28, si "msaada wa bati".

Nasi tulisubiri. Barua ya vyoo ilijibiwa baada ya miezi kumi na moja, wakati mwenyekiti aliyeisaini alikuwa ameshamaliza kipindi chake. Jibu lilitaka tuthibitishe kama upungufu ni 17 bado. Tulihesabu tena siku hiyohiyo. Ulikuwa umefika 19, kwa sababu matundu mawili yalititia mvua za masika. Tukaandika 19, tukaweka tarehe, tukarudi masjala kugonga muhuri.